Kofia ya Kipupwe

"Niliwasha mimi," alisema mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. "Nilitoa kofia, nikapandisha mshikio wa swichi. Andika hivyo, afande, tumalize."

Inspekta hakuandika. Alikuwa amesimama, kama ilivyo kawaida yake; kituoni walisema mama huyu hata siku ya kuzikwa ataomba azikwe wima. Chai yake mezani ilikuwa imepoa mpaka imefanya utando. Alimtazama mtuhumiwa mikono, si uso. Migongo ya mikono yote miwili ilikuwa myeusi na migumu, imebabuka, ikapona, ikababuka tena.

"Mikono hiyo imefanywa nini?"

"Kazi. Napima vigae. Vikitoka kwenye kikaushio vina moto. Navigusa hivi." Aligeuza mkono, akaigusa meza kwa mgongo wa vidole, kama mama anavyopima homa ya mtoto. "Nikiona vimepoa, vinakwenda kuchapwa maua. Nikiona bado, naongeza feni."

Jina lake halisi lilikuwa ndani ya faili, na lilibaki humo humo. Kiwandani aliitwa Shemeji. Fundi wa feni, Kipupwe, ndiye aliyemleta kazini baada ya kumwoza dada yake, akawa anamwita "shemeji, shemeji" kwa sauti ya kushinda mashine, mpaka kiwanda kizima, wakubwa kwa wadogo, kikawa na shemeji mmoja.

Jana asubuhi Kipupwe aliingia ndani ya kizimba cha feni kubwa, chini ya mkanda wa vigae, kusugua mapanga yake. Feni ikawaka akiwa humo. Kofia yake ikakutwa mfukoni mwa Shemeji.

"Kwa nini uliwasha?"

"Akili iliteleza."

"Juzi mligombana, mbele ya watu."

"Watu wa nyumba moja hugombana."

"Mligombania nini?"

"Nilitaka kumhamisha mke wangu. Kuna kiwanda kingine, mbali. Yeye akasema mama yao haachwi peke yake."

"Nani alishinda?"

Shemeji alilifikiria lile swali kana kwamba ni mara ya kwanza kuulizwa jambo la maana. "Tulikuwa hatujamaliza," alisema.

Nje ya chumba, mkuu wa kituo alikuwa anangoja huku amekunja mikono. Mtu amekiri, kofia imepatikana, ugomvi una mashahidi. Alasiri hii asomewe shtaka la kuua. Lakini alasiri hiyo hiyo Kipupwe alikuwa anazikwa, na Kipupwe hakuacha kaka wala mtoto. Aliacha mama mzee, dada mmoja, na huyo mume wa dada. Mama mzee alikuwa ametuma ujumbe kituoni tangu alfajiri, na mkuu aliurudia kwa uchovu:

"Anasema tumwambie moja. Mkwewe ndiye aliyemwua mwanawe, au ndiye atakayembeba kaburini. Hatazika mpaka ajibiwe."

"Swali zuri," alisema Inspekta.

"Jibu si tunalo?"

"Nipe asubuhi hii."

Aliichukua kofia ndani ya mfuko wake wa plastiki, akamwita konstebo, wakaondoka.

Kiwanda kilikuwa kimya. Tanuri peke yake ndilo lililonguruma kule mwisho, kwa kuwa tanuri halizimwi hovyo, hata kwa msiba. Vumbi jeupe lilikuwa limelala juu ya kila kitu: mabomba, ngazi, nyaya, mabega ya msimamizi wa mstari aliyewapokea mlangoni. Msimamizi huyo alining'iniza firimbi shingoni, na kutokana nayo watu walimwita Firimbi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na tumbo la kutosha kuyahifadhi.

"Karibuni, afande. Konstebo, iangalie hiyo suruali nyeusi, humu utatoka kama mwoka mikate."

Konstebo alijipangusa. Alijipaka zaidi.

"Nieleze mstari," alisema Inspekta. "Kama unamweleza mjinga."

Firimbi alipenda kuulizwa. Alitembea mbele, mikono nyuma. "Udongo unashindiliwa pale, unakuwa kigae. Kigae kinapita kwenye kikaushio, kinatoka na moto wa kukaanga yai. Hapa kinamwagiwa uji mweupe, ule unaokuja kung'aa baada ya kuchomwa. Sasa, konstebo. Kigae cha moto, uji wa majimaji. Unapata nini?"

"Mvuke."

"Umefaulu. Mvuke huo ukifika kwenye printa, unashika chini ya vichwa vya wino kama jasho. Na vitundu vya wino ni vidogo, tundu la sindano ni lango la uwanja wa mpira ukivilinganisha. Jasho likiziba kimoja, kigae kinatoka na mstari mweupe. Likiziba vingi, unachapa pundamilia. Likidondoka, unapata doa kama mtu amelilia kigae. Ndiyo maana hapa, kabla ya printa, tunapoza. Feni ndogo juu, kubwa chini. Kigae cha moto hakichapwi. Hiyo ndiyo sala yetu humu ndani."

"Jana kilichapwa?"

"Jana mstari ulisimama, afande. Kipupwe akiingia kizimbani, mimi napiga firimbi, mkanda unakufa. Hakuna kigae kilichotembea. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekuwa na haja ya feni." Alishusha sauti. "Ndiyo maana nasema yule bwana, Mungu anisamehe, aliwasha kwa lake moyoni."

"Andika hilo," Inspekta alimwambia konstebo. "Maneno yake yote."

Walifika kwenye kituo cha kupozea. Kamba ya polisi ilikuwa bado imezungushwa. Kizimba cha feni kilikuwa wazi, kimeoshwa, na sakafu mbele yake ilikuwa safi kuliko sakafu yoyote mle ndani. Hakuna aliyeikanyaga. Ukutani, usawa wa kifua, palikuwa na sanduku la swichi lenye mshikio mmoja mnene.

"Na kofia?"

"Ah, kofia ni desturi ya hapa. Tuliletewa makufuli ya kufungia mshikio mtu akiwa ndani. Yako stoo, hata nailoni hayajavuliwa. Sisi mtu akiingia kizimbani anavua kofia, anauvisha mshikio ukiwa chini, umezimwa. Kofia ikining'inia, kuna kichwa ndani. Hata mgeni wa jana anajua. Ukitaka kupandisha mshikio lazima uivue kwanza. Ni kama kumpiga mtu konzi, kofia lazima itoke."

"Kwa muda gani mmefanya hivyo?"

"Tangu kiwanda kiwe kiwanda. Hajawahi kuumia mtu hata kucha."

Inspekta aliinama chini ya kamba. Alikaribia lile sanduku mpaka pumzi yake ikaligusa. Konstebo, aliyekuwa amemzoea, aliacha kuandika.

"Vumbi hili lilitoka wapi?"

"Humu vumbi ni ndugu yetu, afande."

"Hili la ukutani. Limerushwa, halikutua. Limepiga upande mmoja."

"Hilo? Hilo lilitoka kizimbani. Marehemu alikuwa amekwisha kulisugua, limekaa chini ya mapanga. Feni ilipowaka ililitema lote mara moja. Sote tuliokuwa karibu tuligeuka vizuka."

"Pumzi moja."

"Pumzi moja tu, nikakimbia kukata umeme mkubwa."

"Na wakati huo kofia ilikuwa mfukoni mwa Shemeji."

"Si ndiyo? Aliivua ndipo akawasha."

Inspekta alisogea pembeni ili wote waone. Sanduku la swichi lilikuwa jeupe kuanzia juu hadi chini, isipokuwa mahali pamoja. Kuuzunguka mshikio, rangi ya kijivu ya bati ilionekana safi kabisa, na usafi huo ulikuwa na umbo: duara lenye mdomo mbele.

Konstebo ndiye aliyelisema. "Hiyo ni kofia."

Inspekta aliinua mfuko wa plastiki, akaugeuza. Kofia ya Kipupwe ilikuwa ya buluu ndani na upande wa nyuma. Upande wa mbele ilikuwa nyeupe, kama imechovywa.

"Mwenye kofia hii mfukoni angekuwa na mfuko mweupe na kofia safi," alisema. "Hii ilipigwa na pumzi ile ikiwa imening'inia hapa. Na tazama mshikio. Chini yake hakuna vumbi, juu yake hakuna vumbi, uko chini. Ungekuwa juu, vumbi lingeshika hapa ulipo sasa. Feni iliwaka kofia ikiwa mahali pake na mshikio haujaguswa. Kofia ilivuliwa baadaye."

Firimbi alilamba midomo. Vumbi lilibaki kwenye ulimi wake, hakulitema.

"Labda aliirudisha, akaivua tena," alisema.

"Mtu avue kofia, awashe, azime, aivishe, yote ndani ya pumzi moja. Huyo si muuaji, huyo ni mwanasarakasi."

Konstebo alicheka kidogo, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

Inspekta alikuwa ameshaangalia juu. Juu ya sanduku zilipanda nyaya ndani ya mirija, zote nyeupe kwa vumbi la miaka. Mrija mmoja ulikuwa mweusi na ulikuwa bado unang'aa. Haukuingia kwenye swichi hata kidogo. Ulitoka kwenye feni yenyewe, ukapita kando ya sanduku kama mtu anayempita mdai wake njiani, ukapanda darini, ukafuata mkanda kuelekea kwenye printa.

"Huu umewekwa lini?"

"Hivi karibuni. Mambo ya ofisi hayo. Waliita fundi wa nje."

"Unafanya kazi gani?"

"Mambo ya umeme, afande. Mimi ni mtu wa udongo."

Hakumwuliza tena. Aliufuata mkanda. Kupita printa, upande wa kwenda kwenye tanuri, vigae vya jana vilikuwa bado vimelala juu ya mkanda, mstari mmoja mrefu, havijachomwa. Umeme mkubwa ulipokatwa vilibaki pale pale vilipofika. Inspekta alienda moja kwa moja mpaka mdomoni mwa tanuri, ambako palikuwa na vigae vilivyotangulia, kisha akarudi polepole akivisoma kimoja baada ya kingine. Vilichapwa mistari ya mbao, kahawia juu ya kahawia hafifu. Vya kwanza vilikuwa vizuri. Mtu angeweza kudhani ni ubao. Kisha kimoja kilikuwa na mstari mweupe mwembamba, kama uzi. Kilichofuata kilikuwa na uzi ule ule. Kisha nyuzi tatu. Kisha mbao zote zikakatikakatika, na mwishoni, karibu kabisa na printa, vigae viwili vilikuwa na madoa ya mviringo yaliyoyeyusha kahawia yote.

"Konstebo. Alisemaje kuhusu madoa?"

Konstebo alirudi nyuma kwenye kurasa zake. "'Likidondoka, unapata doa kama mtu amelilia kigae.'"

"Na kuhusu jana?"

"'Hakuna kigae kilichotembea.'"

Firimbi aliitazama firimbi yake kama imempigia bila ruhusa.

"Vigae hivi vilipita hapa vikiwa na moto," alisema Inspekta. "Yaani vilipita feni ikiwa imezimwa. Yaani vilipita Kipupwe akiwa ndani. Hukupiga firimbi."

"Kikaushio kilikuwa kimejaa. Ningesimamisha mkanda, vyote vingepasuka humo ndani. Kipupwe mwenyewe alisema, wewe pitisha tu, mimi natoka sasa hivi."

"Hapo mwanzo ulisema mstari ulisimama."

"Afande, mtu ukiulizwa na polisi..."

"Ndiyo. Tangulia."

Chumba cha printa kilikuwa cha vioo pande zote, kwa ajili ya vumbi. Ndani yake kulikuwa na mwanamke aliyevaa glavu, ameinama chini ya vichwa vya wino na kitambaa kisicho na nyuzi, anapangusa. Wote walimwita Mama Rangi. Alikuwa dada wa marehemu, na mke wa mtu aliyekiri. Alinyoosha mgongo walipoingia, akawakaribisha, akatafuta kiti, akakumbuka hakuna kiti.

"Pole kwa msiba," alisema Inspekta.

"Nimeshapoa."

"Hukupaswa kuja kazini leo."

"Wino ukikauka kwenye vitundu, vichwa vyote vinakufa. Hawana mwingine wa kuvipangusa. Printa haifiwi, afande." Alikunja kitambaa upande safi. "Na nyumbani kuna watu wanalia. Hapa hamna anayelia."

Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani. Konstebo alitazama viatu vyake.

"Jana vigae vilikuja na moto," Inspekta alisema.

"Vilikuja. Niliona uzi wa kwanza, nikampigia msimamizi simu ya ndani. Nikamwambia baridi hakuna. Akasema subiri. Nikaona nyuzi tatu, nikapiga tena. Nilipoona doa nilipiga kelele. Akasema basi bonyeza."

"Bonyeza nini?"

Alionyesha bila kugeuka. Karibu na skrini, kwenye kisanduku kipya, kulikuwa na kitufe cha buluu, na mrija mweusi unaong'aa ulitoka humo kwenda darini.

"Hicho kinafanya nini?"

"Kinaomba baridi. Ni kama kengele. Nikikibonyeza, taa inawaka kule kwa mume wangu, anajua nataka feni, anawasha." Alianza tena kupangusa. "Ndivyo nilivyoelezwa. Kwa hiyo nilibonyeza, na yeye akanisikiliza, akasahau kaka yuko ndani. Alinisikiliza mimi. Nimelifikiria hilo usiku wote. Angekuwa mume mkaidi, kaka angekuwa hai."

Inspekta alimtazama Firimbi. Firimbi alitazama nje ya kioo.

"Konstebo, rudi kule. Kwanza hakikisha kizimba ni kitupu, ufunge mlango wake. Mwambie fundi umeme arudishe umeme mkubwa. Usiguse mshikio. Uache chini, uvishe kofia yako."

"Yangu, afande?"

"Ni ya serikali. Serikali ina nyingine."

Konstebo aliondoka. Firimbi alisogea karibu, akanong'ona: "Afande, hakuna haja ya haya. Mama huyu amefiwa."

"Ndiyo maana."

Kwa mbali, kupitia vioo, walimwona konstebo akichungulia kizimbani, akifunga mlango, akivua kofia. Kofia nyeusi ya polisi ilikaa juu ya mshikio. Alirudi nyuma hatua chache na kuinua mkono. Mama Rangi alikuwa ameacha kupangusa. Alitazama ile kofia, kisha kitufe, kisha ile kofia tena, na mkono wake wenye glavu ukaanza kwenda kwenye kitufe taratibu, kama wa mtu anayetaka kujua sufuria ina moto au haina.

Kidole cha Inspekta kilitangulia.

Feni iliwaka. Ngurumo yake ilipita sakafuni ikafika miguuni mwao. Kule kwenye kupozea vumbi la chini ya mkanda lilirushwa ukutani, kofia ya konstebo ikatikisika juu ya mshikio, ikapepea mdomo wake juu na chini, lakini haikuanguka; na mshikio haukusogea. Hakuna taa iliyowaka popote. Inspekta aliondoa kidole, akabonyeza tena, feni ikazimika kwa kuguna.

Mapanga yalizunguka polepole mpaka yakasimama.

"Nilimwambia abonyeze ili anyamaze," alisema Firimbi. Alikuwa anamwambia Inspekta, lakini hakuweza kumwondolea macho yule mwanamke. "Wallahi nilidhani hakitafanya kitu. Kofia ilikuwepo. Mshikio uko chini, kofia iko juu yake. Miaka yote, kofia ikiwepo feni haiwaki. Yule fundi wa nje alinieleza kwamba kitufe kinaiwasha moja kwa moja. Alinieleza. Mimi nikasikia, halafu kichwani nikabaki na kofia."

"Ulimwambia mtu yeyote wa kupozea?"

"Nilitaka kuwaambia."

"Huyu ulimwambia ni kengele."

"Ili asikitumie hovyo. Alikuwa analalamika sana kuhusu joto."

"Na Shemeji alipokiri?"

Firimbi alifungua mikono. "Mtu mwenyewe amesema ni yeye. Mimi ni nani nimkatalie? Ningesema, afande. Baada ya mazishi ningesema."

"Mazishi ya nani? Maana ulikuwa umeshawaandaa wawili."

Mama Rangi alivua glavu moja. Aliivua kidole kwa kidole. "Mume wangu alikuwa amesimama wapi?" aliuliza.

"Pale aliposimama konstebo."

"Basi aliiona kofia."

"Aliiona. Akaona mshikio uko chini. Akaona mrija unakoelekea, akageuka akatazama huku."

"Alinitazama," alisema Mama Rangi. "Kidole changu kilikuwa bado hapo. Mimi nikadhani ananiambia baridi imekuja." Aliiweka glavu juu ya meza, akainyoosha. "Nikampungia mkono."

Tanuri lilinguruma. Firimbi aliketi sakafuni, mgongo kwenye kioo, miguu mbele kama mtoto aliyechoka kutembezwa.

"Kabla hajakimbilia kizimbani aliivua kofia, akaitia mfukoni," alisema Inspekta. "Ili ionekane kuna mtu aliyewasha kule, wala asiwepo wa kuuliza kuhusu huku. Amekaa kwangu tangu jana, ananisihi niandike."

"Ni mkaidi, basi," alisema Mama Rangi.

"Ni mkaidi."

"Vimebaki vichwa viwili. Nimalize, halafu nipelekeni kwake."

Akavaa glavu yake, akainama. Wakamngoja. Konstebo alirudi, kofia mkononi ikiwa nyeupe upande wa mbele, akataka kuipangusa, Inspekta akamzuia kwa jicho. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki bila kuambiwa. Kisha akamwinua Firimbi kwa kiwiko, kwa upole zaidi ya ilivyohitajika, akamtoa nje.

Kituoni, mkuu alisoma maelezo ya Firimbi akiwa wima, kwa mara ya kwanza tangu apandishwe cheo. Alipomaliza alisema, "Kumbe," akatia saini palipohitajika saini yake.

Shemeji aliletwa kwenye kile chumba cha asubuhi. Inspekta aliweka mifuko miwili mezani, kofia ya buluu na kofia nyeusi, kila moja nyeupe mbele. Shemeji alizitazama kwa muda mrefu. Hakuhitaji kuelezwa; alikuwa mtu wa kupozea, alijua vumbi lile linapigaje.

"Afande," alisema, "nakuomba kitu. Sijawahi kukuomba hata maji. Andika ni mimi. Kumzika kaka yake ataweza. Kunisubiri mimi gerezani ataweza pia, ni mvumilivu. Hili hataliweza."

"Aliyemwua ni msimamizi na ukimya wake. Ndivyo nilivyoandika."

"Karatasi itasema hivyo. Yeye atasema ni kidole chake." Alifunika uso kwa ile mikono iliyobabuka, akaufunua. Ulikuwa mkavu. "Umemwambia?"

Inspekta alifungua mlango.

Mama Rangi aliingia. Vidole vyake vilikuwa na wino wa kahawia kuzunguka kucha, mahali ambapo glavu huvuja. Alisimama upande wa pili wa meza, mahali pa kuhojia, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula."

"Mwongo."

"Chai walinipa."

"Mama anauliza kama unakuja. Jeneza limetengenezwa la mbao nzito, na wabebaji wamepungua mmoja." Alipitisha ulimi kwenye midomo. "Nimempigia simu njiani. Nimemwambia ni mimi na kile kitufe. Akaniuliza viatu vyako vyeusi viko wapi, maana udongo wa kule ni wa utelezi."

Shemeji aliinuka. Aliinuka polepole, akaizunguka meza, akaipita mifuko miwili ya kofia bila kuigusa. Alipofika mbele ya mkewe aliinua mkono, akaugeuza, akamgusa shavuni kwa mgongo wa vidole, kama alivyogusa kila kigae kilichowahi kupita mbele yake.

"Umepoa kabisa," alisema.

"Najua," alisema Mama Rangi. "Twende."